Ng'ombe ameshiba, maziwa hayaji

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kupata pesa za kununua ng'ombe wa maziwa ni kazi. Kupata chakula cha kumlisha kuanzia Januari mpaka Desemba ni kazi kubwa zaidi, na hiyo ya pili hakuna anayependa kuizungumzia. Mtu anayetaka kufuga huniuliza habari za mbegu: Friesian au Brune des Alpes, safi au chotara, wa Masisi au wa kutoka ng'ambo ya Ruzizi. Huniuliza atatoa lita ngapi. Nikimuuliza atakula nini, anashangaa. "Majani si yapo?"

Yapo. Yapo Kabare, yapo kwenye mabonde ya upande wa Walungu, yapo kando ya barabara mpaka Kavumu. Kila asubuhi yanaingia mjini mgongoni mwa akina mama, kamba imekaza kwenye paji la uso, wameinama kiasi kwamba unaona majani kabla hujamwona mtu. Mengine huja kwa motari, pikipiki imefunikwa yote ikabaki taa. Shida yetu ya kwanza si kukosa majani. Shida ni kwamba tunayanunua kwa kuangalia ukubwa wa mzigo, halafu tunamlaumu ng'ombe.

Mimi nafugia nyumbani, Bagira: ng'ombe wawili na ndama, chini ya paa la tole (bati), sakafu ya mawe. Hawatoki nje, wanaletewa. Baba yangu mkubwa, aliyechunga Kabare tangu utoto na bado anaona kumfungia ng'ombe ndani ni kumwadhibu, akija kunitembelea huwapitia wanyama kwanza kabla ya kusalimia watu. Anawapapasa mbavu, kisha anatazama lile bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho. Likiwa limejaa, anaridhika. "Wamekula, mama." Na hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia.

Bonde la kushoto linakuonyesha jambo moja tu, kwamba tumbo kubwa lina mzigo. Ng'ombe mkubwa anaweza kubeba humo lita mia na zaidi, na chochote ukiweka kitalijaza. Lakini majani hayo hayameng'enywi na ng'ombe mwenyewe. Humo ndani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, mabilioni kwa mabilioni, ndivyo vinavyovunja nyuzi za majani. Baadaye ng'ombe anavimeng'enya vijidudu vyenyewe, na huko ndiko anakopata sehemu kubwa ya protini ya maziwa. Vijidudu navyo vinataka kula. Majani yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wake mkavu, vinapungua, kazi inazorota, nyuzi zinakaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anaacha kula kwa sababu hakuna nafasi. Kwa macho ameshiba. Na kweli ameshiba. Ila hajalishwa.

Tufanye hesabu basi, maana bila hesabu baba mkubwa ananishinda kwa umri.

Ng'ombe wa kilo 400 anakula kwa siku karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12, ukihesabu chakula kikavu, maji yakiwa yametolewa. Ili ajitunze tu, bila kutoa hata kikombe cha maziwa, anahitaji kama gramu 320 za protini. Kila lita ya maziwa inadai karibu gramu 90 nyingine. Sasa mpe penisetumu, haya tunayoita majani ya tembo, iliyokatwa ikiwa changa, imefika kiunoni. Protini yake ni asilimia 9 hivi. Kilo 12 zinampa zaidi kidogo ya kilo moja. Toa zile gramu 320, kinachobaki kinatosha lita 8. Mpe penisetumu ya shamba lilelile, iliyoachwa mpaka ikampita mtu kimo na shina likawa gumu. Hiyo imeshuka mpaka asilimia 5. Kilo 12 ni gramu 600, na ukitoa za kujitunza unabaki na lita 3. Tena hapo nimemwonea huruma mwenye ng'ombe, nimejifanya kwamba mnyama atakula zote 12. Hawezi. Nyuzi zile hazitoki tumboni haraka, kwa hiyo ataishia nane au tisa, na hizo lita 3 nazo zinaondoka.

Halafu kuna mgomba. Watu wa mji wanaupenda kwa sababu ni wa bure au karibu na bure: ndizi ikishakatwa, shina linabaki, unalikatakata kwa panga, ng'ombe anakula kwa furaha. Katika kilo 100 za shina la mgomba, zaidi ya 90 ni maji. Kile kikavu kinachobaki kina protini kidogo kuliko hata majani yaliyozeeka. Wakati wa kiangazi mgomba unasaidia kumnywesha maji, na hilo silidharau. Lakini ng'ombe anayekamuliwa akilishwa mgomba kama chakula chake kikuu anatoa maziwa kutoka kwenye mifupa yake na misuli yake, na akiba hiyo haichukui muda kwisha.

Baba mkubwa alipoisikiliza hesabu hii yote, hakubishana na namba. Alisema jambo ambalo sikulisoma popote: "Ng'ombe wangu anapotembea, anachagua." Na ni kweli tupu. Ng'ombe anayechungwa mlimani hali shina. Anang'ata ncha, anang'ata chipukizi, anapita. Katika mlima wenye majani mabovu anajitengenezea chakula kizuri kuliko wastani wa mlima wenyewe. Wangu hana hiyo nafasi. Ninapomletea mzigo na kumkatia kila kitu pamoja, shina na jani, nimemnyang'anya haki ya kuchagua, kwa hiyo uchaguzi ule ni lazima ufanyike kabla, shambani, na mtu mwenye panga.

Ndipo tunarudi kwenye mzigo na bei. Majani yanauzwa kwa mzigo. Anayeuza anajua kwamba penisetumu ndefu inajaza kamba haraka na inamvutia mnunuzi, basi anaiacha ikue. Anayenunua anafurahi kuona mzigo mkubwa kuliko wa jirani. Wote wawili wana akili timamu, na wote wawili wanamnyima ng'ombe. Mimi nilifanya mapatano na mama mmoja wa upande wa Kabare: akate ikiwa imefika kiunoni, alete mzigo mdogo, nimlipe kama mkubwa. Aliniangalia sana. "Unataka nikuletee kidogo kwa pesa ileile?" Ndiyo, mama. Ilimchukua muda kuamini kwamba hakuna mtego. Kisha akagundua faida yake: akikata mapema shamba linachipua upya haraka, naye anapata mkato zaidi kabla mvua haijaisha. Siku hizi ananisimanga mimi nikichelewa kulipa, na ana haki.

Kwa kiasi: penisetumu changa ina maji zaidi ya asilimia 80, hivyo kilo 12 kavu ni kama kilo 65 mbichi, ikizidi kidogo. Hiyo ni mizigo miwili mizito kwa ng'ombe mmoja, kila siku, Jumapili pia. Kwa mwaka inakaribia tani 24. Ukitaka kuilima mwenyewe, kwenye udongo unaopewa samadi vizuri, panga nusu hekta kwa ng'ombe mmoja. Parseli, yaani kiwanja, ya mita 10 kwa 20, ambayo kwetu mtu akiipata anafanya sherehe, inaingia mara 25 katika nusu hekta.

Zamani huku Bushi, nchi ya Washi, ng'ombe ndiye aliyefungua mlango wa ardhi. Uliyetaka shamba la kudumu ulipeleka ng'ombe kwa chifu, hiyo ndiyo kalinzi, na shamba likawa lako na la watoto wako. Leo mambo yamegeuka. Ng'ombe tunaye, shamba la kumlisha ndilo hatuna. Vilima vya Kabare vimegawanywa vipande vipande kutoka baba hadi mwana, sehemu nzuri nzuri ziko chini ya chai na kwinini tangu enzi ya ukoloni, na tangu vita vya 1996 makundi yaliibwa au kuchinjwa kiasi kwamba familia nyingi zimehamia kwenye simbiliki, yule mnyama mdogo kama panya anayefugwa kwa nyama, kwa sababu simbiliki anafichika chini ya kitanda na ng'ombe hafichiki. Anayefuga ng'ombe mjini leo anafuga juu ya ardhi ya watu wengine, kupitia migongo ya akina mama. Ni vizuri alijue hilo anapopanga bei ya maziwa yake.

Kwa wenye kipande hata kidogo cha mlima, kuna jambo la kufanya. Ile mistari ya kuzuia mmomonyoko ambayo wazee wetu walilazimishwa na Wabelgiji kuichimba bado ipo sehemu nyingi, na juu yake bado kuna tripsakumu au setaria. Katikati ya majani hayo panda kaliandra. Ni mti mdogo wa jamii ya kunde, unavumilia baridi na udongo wetu mwekundu, mizizi yake inashika mlima, na majani yake yana protini ya asilimia 20 na zaidi. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, ambazo zikikauka ni kilo moja hivi, zinafanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mpe kilo 6 kwa siku, na mpe zikiwa mbichi, mara baada ya kukata. Yakinyauka yanakuwa magumu kumeng'enywa kwa sababu ya ukakasi wake. Usimfanye ale kaliandra tupu, theluthi moja ya chakula inatosha. Ili upate kilo 6 hizo mwaka mzima unahitaji vichaka kama 500, na usiogope namba: vikipandwa nusu mita kwa nusu mita kwenye mistari na kwenye ua, vinaingia mahali ambapo leo hakuna kitu. Desmodiumu, nayo ya jamii ya kunde, inatambaa chini ya penisetumu bila kudai shamba lake.

Sasa dreshi. Nisipoiandikia mtaniuliza. Sisi wa Bagira tuko karibu na kiwanda cha bia cha Bralima, na dreshi, yaani machicha ya bia yaliyotoka huko, imelisha nguruwe na ng'ombe wengi wa mji huu. Kwanza niondoe uvumi: kuna mteja aliyewahi kukataa maziwa yangu akisema ng'ombe wangu wanakunywa bia ya Primus. Dreshi haina pombe. Inatolewa kwenye mtambo kabla hamira haijaingia. Sukari ya nafaka imeshachukuliwa kwenda kuwa bia, na kinachobaki ni maganda na protini ambayo bia haina kazi nayo. Katika kilo 10 za dreshi mbichi kuna kama kilo 2 tu na kidogo za kitu kikavu, lakini robo ya hicho kikavu ni protini. Gramu mia tano na zaidi kwa ndoo moja! Rudi kwenye hesabu yangu ya juu uone inaongeza nini kwa ng'ombe aliyekuwa anakula majani yaliyozeeka.

Ila protini bila nguvu ni nusu ya kazi. Vijidudu vya tumbo vinahitaji pia wanga wa kuvichangamsha: pumba za mahindi au za ngano, maganda ya mihogo yaliyokaushwa juani, majani na mizizi ya viazi vitamu. Mihogo michungu ikiwa mibichi ina sumu inayoweza kuua. Ikate, ianike, ndipo umpe. Majani yake ya sombe vilevile. Na wanga ukizidi kwa mara moja, tumbo linachachuka, ng'ombe anaacha kucheua, anaharisha, miguu inamuuma. Nimeona mtu amemwaga gunia la unga ulioharibika mbele ya ng'ombe kwa roho nzuri kabisa, akamkosa mnyama wake kesho yake.

Adui wa dreshi ni hewa. Ikifika, ishindilie kwenye pipa, funika kwa plastiki, weka mawe juu, itumie ndani ya siku chache. Ukiona ukungu wa rangi, usiukwangue juu ukampa ya chini. Sumu ya ukungu haionekani, na sehemu yake inapita kwenye maziwa mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Hii ndiyo sehemu ambayo huwa nakasirika, kwa sababu wafugaji wenzangu husema "ng'ombe hafi". Ng'ombe kweli hafi. Kilo 10 mpaka 15 za dreshi kwa siku zinamtosha mkubwa. Zaidi ya hapo unamnyima majani, na bila majani marefu hacheui.

Kucheua ndicho ninachokitazama mimi, badala ya bonde la kushoto. Nikiingia zizini saa sita mchana, wamelala, mdomo wa kila mmoja uwe unafanya kazi. Halafu natazama mavi. Yakisimama makavu, tabaka juu ya tabaka, protini ni kidogo au maji ni machache. Yakiwa uji, chakula kinapita haraka mno. Baba mkubwa anacheka nikiinama kuyachunguza, lakini yeye mwenyewe hukanyaga pembeni kwa makusudi ili ayaone vizuri.

Soko la Kadutu lina mabaki mengi, na vijana huyaleta kwa magunia: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, maganda ya viazi. Maganda ya ndizi ni mazuri. Kabichi ni maji na harufu, na harufu hiyo utaisikia kwenye maziwa. Lakini hatari kubwa ndani ya gunia ni vifuko vya plastiki. Ng'ombe hana midomo ya kuchambua, anameza. Plastiki haitoki tena, inajikusanya tumboni mwaka hadi mwaka, na mchinjaji ndiye anayeikuta. Mwaga gunia chini, chambua kwa mkono.

Maji. Tunakaa juu ya ziwa, na ng'ombe wetu wana kiu. Maziwa ni maji kwa asilimia 87, hakuna njia ya kuyatengeneza bila hayo. Anayetoa lita 10 anahitaji bidoni tatu hadi nne za lita 20 kwa siku, sehemu yake akiipata kwenye majani mabichi. Hapo ndipo mtego wa kiangazi ulipo: Julai majani yamekauka, maji yale ya ndani ya majani yamepotea, kwa hiyo ng'ombe anahitaji bidoni zaidi mwezi uleule ambao bomba nalo limekauka na watoto wanapanga foleni chemchemini. Watu wanaona maziwa yameshuka Julai wanasema ni majani. Mara nyingi nusu ya sababu ni ndoo. Usimwekee maji mara mbili kwa siku; yawepo muda wote.

Kuna kipindi kimoja ambacho nataka kukaa nacho, kwa sababu ndicho kinacholeta ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Ng'ombe akizaa, maziwa yanapanda, yanafika kilele kati ya wiki ya nne na ya nane. Hamu yake ya kula haipandi kwa kasi hiyo; inafika kilele baadaye, wiki ya kumi na zaidi. Katikati hapo anatoa kuliko anavyoingiza, na tofauti anailipa kwa mafuta ya mgongo wake. Maziwa ya mwezi wa kwanza ni likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu: umepokea zamu yako mapema, sasa unadaiwa. Mnunuzi aliyempata ng'ombe siku chache baada ya kuzaa anaona ndoo inajaa hata kwa mgomba, anawaita marafiki, anapiga picha. Mwezi wa tatu ndoo inashuka ghafla, mgongo unaonyesha mifupa, ng'ombe haombi dume. Anarudi kwa muuzaji kusema amedanganywa. Wengine wanatafuta jirani mwenye jicho baya. Ukweli ni kwamba mwili wa ng'ombe umehesabu, umeona hakuna akiba ya kulea ndama mwingine, ukasitisha joto. Unaweza kumwita veterineri amchome sindano zote alizonazo. Kinachotakiwa kipo kwenye hori.

Ndiyo maana kulisha ng'ombe wa maziwa kunaanza kabla hajazaa. Mkaushe, yaani acha kumkamua, miezi miwili kabla ya tarehe yake. Hapo wengi wanampunguzia chakula kwa hoja kwamba haleti pesa. Wiki nne za mwisho ndizo za kumwongezea, taratibu, pumba na dreshi kidogo, ili tumbo lizoee na mgongo uwe na akiba, bila kumnenepesha kupita kiasi. Akizaa, ndama apate maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ndani ya saa sita. Hayo si ya kuuza wala ya kuonjwa na shangazi. Na ukimkuta mama amelala siku ya kwanza au ya pili, masikio baridi, shingo imepinda, hataki kusimama, hiyo ni homa ya maziwa: kalisi (kalsiamu) ya damu imeshuka kwa sababu yote imekimbilia kiwele. Usisubiri asubuhi. Mpigie veterineri usiku huohuo, chupa ya kalisi inayoingizwa taratibu mshipani inaweza kumsimamisha ukiwa bado umeshangaa.

Chumvi na madini, kwa ufupi: jiwe la kulamba liwepo daima. Ukiona ng'ombe anatafuna mifupa, kamba, au nguo za jirani zilizoanikwa, usimpige. Mara nyingi anatafuta fosforasi. Pumba za ngano zinayo kwa wingi. Nguo za jirani utazilipa mwenyewe.

Kiangazi chetu ni Juni mpaka Agosti, na mara nyingine Septemba inapita nusu bila tone. Kinakuja mwaka hadi mwaka, hakijawahi kumficha mtu tarehe yake, na bado kila Julai njia ya Kabare inajaa wafugaji wa mji wanaotafuta majani kwa bei yoyote. Mimi Aprili na Mei, penisetumu ikiwa nyingi na rahisi, naitia kwenye mifuko. Inakatwa changa, inanyauka nusu siku, inakatwakatwa vipande vya sentimita mbili tatu, inanyunyiziwa kitu chenye sukari au wanga ili ichachuke vizuri. Wenye molasi wanatumia molasi, mimi natumia unga wa mihogo. Inashindiliwa ndani ya mfuko mnene wa plastiki mpaka usisikie hewa, inafungwa, inawekwa gizani. Baada ya wiki nne hadi sita unafungua unakuta rangi ya zeituni na harufu tamu yenye uchachu, na mashanza, maziwa yetu ya mgando, ukiyajua, pua yako haitachanganyikiwa. Ikinuka uozo, hewa iliingia. Panya ndio wanaoingiza hewa, kwa hiyo paka ni sehemu ya lishe ya ng'ombe.

Majani makavu ya maharage na mabua ya mahindi yakiwekwa chini ya tole baada ya mavuno, yasinyeshewe, yanaongeza mwezi mwingine. Kwenye vikavu hivyo dreshi na kaliandra zinakuwa si za hiari tena, maana protini imebaki huko tu.

Mwaka 2025, Februari, vita vilipofika mjini, benki zilifunga milango na pesa taslimu ikawa adimu kwa miezi. Waliotegemea pumba za kununua ndio walioyumba kwanza. Kwetu kilichotushikilia ni ile mistari ya kaliandra na mapatano na yule mama wa Kabare, ambaye alikubali kulipwa kwa maziwa. Tangu hapo sehemu ya malipo yake imebaki kuwa maziwa, kwa ombi lake mwenyewe.

Juzi jirani mmoja, mwalimu, alinijia na habari kwamba amepata ng'ombe mzuri, chotara, mimba ya miezi saba, na mwenye ng'ombe ana shida ya minervali (karo) ya watoto kwa hiyo bei ni nzuri. Nikamwomba anionyeshe majani. Akanionyesha kilima cha shemeji yake, kitupu, kimemomonyoka. Nikamwambia ampatie shemeji vipande vya penisetumu kutoka kwangu, bure, wapande mvua ya Septemba ikianza, na mbegu za kaliandra walale nazo kwenye maji usiku mmoja kabla ya kuzipanda. Wakatie ng'ombe kuanzia mwaka unaofuata. Alisikiliza vizuri sana. Jumamosi ng'ombe akafika. Sasa mimi na yeye tunagawana mizigo ya yule mama, vipande vya penisetumu viko kilimani, na tarehe ya kuzaa ni baada ya wiki chache. Jana usiku aliniandikia kuuliza kama mgomba unaweza kusaidia kwa sasa. Nimemjibu amletee maji, na kesho asubuhi apite hapa na pipa lenye mfuniko.